Barza ya Papa

Hongera, Papa, kwa barza mpya ya mbao hapo Kazimia, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wageni wanasifu rangi. Sisi majirani tunatazama miguu. Nguzo ni mikaratusi mibichi iliyodidimizwa mchangani bila jiwe wala zege, na misumari imeanza kuchungulia kama abiria anayetafuta kituo chake. Fundi alisema itakaa. Hakusema wapi.

Wazee walikushauri upande juu kidogo, ukajibu ziwa linajua mpaka wake. Haya. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, Lukuga, kule Kalemie. Likizidiwa na mvua, hubisha hodi kwa watu. Lilipanda miaka ya 1960, likaingia mitaa ya Uvira mwaka 2021, likarudi 2024. Labda safari zote hizo lilikuwa linatafuta pa kupumzikia.

Ukingo wa kushikilia umeukataa, ati unaziba mandhari. Mbao nazo zimekauka, zimeachana vidole viwili, na Jumamosi umealika kwaya nzima pamoja na spika zake! Tutakuja, Papa. Tutaimbia nchi kavu, mitumbwi ya ndagala ikiwa tayari.