Ungeniuliza Kwanza

Dar es Salaam ina wataalamu wa magari wengi kuliko magari yenyewe, na wote wana tabia moja: hawaonekani mpaka uwe umeshalipa. Nilipokuwa natafuta gari niliuliza kazini, nikauliza kwenye kikoba, nikamuuliza hata kinyozi. Hakuna aliyekuwa na neno. "Chukua tu lile roho yako inapenda," waliniambia. Siku gari lilipoegeshwa nje ya nyumba, Kimara nzima ikawa na shahada ya uhandisi. Shemeji yangu alilizunguka kimya, mikono nyuma, kama daktari mkuu anayepita wodini. Akainama kuchungulia chini, akanyanyuka, akapangusa viganja.

"Shemeji, hili si silinda sita?"

Nikasema ndiyo, tena kwa sauti ili majirani wasikie.

"Aaah," akasema. "Ungeniuliza kwanza."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya kwangu hayakungoja ukoo ukue kiasi hicho. Yaliingia na mgeni wa kwanza, yakapewa kiti na soda.

Lakini niseme mapema kwamba mimi sijuti. Anayejuta ni mtu aliyekosea, na mimi sikukosea, nilicheleweshewa taarifa. Jina la gari silitaji pia. Lina heshima zake, na waliolitengeneza hawakumtuma mtu kulileta Kimara. Itoshe kusema ni saluni, rangi ya lulu, viti vya ngozi, ubao unaong'aa kwenye dashibodi, na injini ya cc 3,000 inayonguruma kwa adabu. Bei yake Japani ilikuwa chini ya bei ya IST. Mtu angejiuliza: inakuwaje gari la hadhi hii liuzwe chini ya kigari kinachoweza kuingia kwenye buti lake? Mimi nilijiuliza, na nikajijibu kwamba watu wengi hawajui vitu vizuri.

Bandarini ndipo nilipoanza kuelewa. Gari lililotumika likishuka, kodi hupangwa juu ya kodi: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, VAT ya asilimia 18, halafu nyongeza ya uzee. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, lililozidi kumi asilimia 30. Langu lilikuwa limeipita kumi siku nyingi. Lingekuwa mtu, lingekuwa limemaliza kidato cha nne na linazunguka na bahasha kutafuta kazi. Nikalipa adhabu ya uzee kwenye dirisha moja, kisha nikaenda nyumbani kupokea hongera za gari jipya. Nchini mwetu upya wa gari hauhesabiwi tangu kiwandani. Unahesabiwa tangu lilipoliona jua la Kurasini.

Mafuta ni habari ndefu kidogo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na zamani siku hiyo ilinipita kama Jumatano nyingine yoyote. Siku hizi naamka nayo. Kutoka Kimara hadi Posta ni kama kilomita 15, na kwa barabara nyeupe injini yangu haina neno. Ila Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi haina weupe wowote. Gari linasimama, linanguruma, linakunywa. Linasogea hatua mbili, linakunywa tena. Kwenda na kurudi ni lita tano hivi, na kwa bei ya lita ilivyo, siku moja ya kwenda kazini inazidi nauli niliyokuwa nikilipa wiki nzima. Katikati ya barabara, kwenye njia yake isiyo na foleni, basi la mwendokasi linapita na watu waliobanana hadi mlangoni. Asubuhi moja nilimwona jirani yangu humo, shavu limegandamizwa kwenye kioo, akanipungia mkono. Nilidhani ananionea wivu. Nilipomtazama vizuri usoni nikaona ananipa pole.

Na kituo cha mafuta kina fedheha yake. Kijana wa pampu anaona gari la kifahari linaingia taratibu, anakimbia, anafuta kioo bila kuombwa. "Jaza, bosi?" Nashusha kioo nusu. "Weka ya elfu kumi." Anatazama gari, ananitazama mimi, anatazama tena gari. "Elfu kumi?" Namwambia siendi mbali. Sijawahi kwenda mbali tangu nilinunue.

Kisha mafundi. Taa ya cheki injini iliwaka nikiwa nampeleka mama mkwe stendi ya Mbezi. "Mwanangu, hiyo taa ya njano ya nini?" Nikamjibu ni ya urembo. Akasifia, akasema inapendeza. Jioni nikalipeleka kwa fundi wa chini ya mwembe, akachomeka mashine yake, akatikisa kichwa.

"Koili, mzee."

"Ngapi?"

"Mbovu moja. Ila ukibadilisha moja utarudi hapa kesho. Bora zote."

"Zote ngapi?"

Akanitazama kwa huruma. Zote ni sita. Plagi nazo sita. Nozeli sita. Mwenye IST akiumwa, anaumwa mara nne. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani nikaulizwa swali ambalo nililiona la kibiashara tu, baadaye ndipo nikalielewa: "Unataka orijino, au unataka ya kuuzia gari?" Orijino bei yake ilinifanya niombe maji. Nikaelekezwa Shaurimoyo kutafuta za mtumba. Muuzaji akaniapia kwamba zimetoka kwenye gari kama langu kabisa, zima, halina hata mkwaruzo, mwenyewe alilikata akauza vipande baada ya kulichoka. Nilimuuliza alichoka baada ya muda gani. Akacheka, akaniandikia risiti.

Sijasema habari ya tumbo. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani, na uchochoro wetu una mifereji inayochimbwa upya kila masika. Linagusa chini hata likiwa tupu. Wakipanda watoto linagusa zaidi, akipanda mjomba wangu tunamwomba ashuke pale kwenye kona, avuke kwa miguu, tumchukue upande wa pili. Fundi ameshauri tuliwekee spesa linyanyuke. Mjomba ameshauri tuhame. Na kwa kuwa uchochoro wenyewe unaishia kwenye ngazi za jirani, gari halilali kwangu. Linalala kwenye uwanja wa mtu, kwa malipo ya mwezi, mlinzi analipwa pembeni. Nina mpangaji ambaye kodi yake nalipa mimi.

Ndani ya gari kuna mwanamke. Kila ukiwasha, sauti ya Kijapani, laini, yenye heshima, inasema maneno yale yale. Mama watoto alifurahi, akasema hao ndio watu wenye malezi, hata gari lao linasalimia. Watoto wakawa wanamwamkia "shikamoo" kabla ya kufunga mikanda. Tuliishi naye hivyo kwa amani, mpaka mpwa wangu alipomsikilizisha kwa simu yake yenye programu ya kutafsiri. Kumbe mama huyo analalamika kwamba hatujachomeka kadi ya kulipia barabara, ile ya tozo za barabara kuu za Japani. Hata yeye alikuwa anadai. Redio ndiyo kabisa: Japani FM yao ilipangwa kuanzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu nyingi zinaanzia walipoishia wao. Kuna kifaa cha kurekebisha hilo. Kinauzwa.

Ila haya ya vyuma ningeyavumilia. Kilichonishinda ni watu. Kabla ya gari, kadi za michango ya harusi zilikuja zikiwa zimeandikwa "single", nami nikatoa kwa moyo mweupe. Sasa zinakuja "double", tena zikiletwa na mjumbe mwenyewe wa kamati, na maelezo ya ziada: rangi ya lulu inapendeza sana na maua, basi mbali na mchango ungetusaidia kumbeba bibi harusi. Nimekwisha kaa kwenye misafara hiyo, matarumbeta mbele, mpiga picha ananing'inia kwenye pikapu, tunakwenda mwendo wa kuku huku mshale wa mafuta unashuka mbele ya macho yangu, nami natakiwa kutabasamu kwa ajili ya video. Usiku wa manane simu ikilia sasa najua ni mjamzito wa mtaa wa pili. Huyo simkatalii na sitamkatalia, na watoto wawili wa mtaani kwetu wamewahi hospitali kwa sababu ya silinda hizo sita. Ninaowakataa ni wale wanaogonga kioo kwenye foleni wakisema, "Naona uko peke yako." Niko peke yangu kwa sababu nimelipia.

Pamoja na yote hayo bado nasema sijuti, na hilo nalo lina wataalamu wake. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alichapisha kitabu kuhusu namna mtu anavyohangaika akilini pale alichofanya kinapogongana na anachokijua. Mwaka huo huo wakatoka watafiti waliowachunguza watu walionunua magari mapya, wakakuta kwamba hao husoma zaidi matangazo ya gari lile lile walilokwisha kununua kuliko ya yale waliyoyafikiria wakayaacha. Nilipolisoma hilo nilihisi mtu amenichungulia dirishani. Usiku, mama watoto akilala, natafuta kwenye simu picha za gari langu. Nasoma sifa zake. Nasoma kwamba injini yake ni laini, kwamba bodi ni nzito barabarani, kwamba halijapata mpinzani kwa bei yake. Natazama nyota lilizopewa na wateja wa nchi zenye mafuta ya bei nafuu. Nazima simu nikiwa mtu mzima mwenye busara, na asubuhi naliona gari lenyewe.

Watafiti hao hawakusema mtu afanye nini. Mimi nimefanya kile kinachofanywa na kila mwenye gari mjini hapa.

Linauzwa. Ni saluni, rangi ya lulu, silinda sita, halijarudiwa rangi, kiyoyozi kinagandisha. Mwenye nalo anasafiri. Msiulize wapi, ni Posta. Lilikuwa likiendeshwa taratibu sana, jambo ambalo kamati tano za harusi zinaweza kulishuhudia. Koili zote sita ni nzuri na risiti zipo. Taa ya njano ni ya urembo. Yule mama wa Kijapani anakwenda na gari, watoto wameshamuaga. Bei ina maongezi, lakini ndani ya tangi kuna robo ya mafuta, na hiyo tutaihesabu kando.