Beseni la Oili Chafu

Nilipoingia ndani kunawa mikono, beseni lilikuwa chini ya gari. Niliporudi na chupa zangu za kupimia, halikuwapo. Palibaki duara jeusi mchangani na nyayo za kandambili zikielekea banda la kuku.

“Nani kachukua beseni la oili?” niliita.

“Mimi, mwanangu,” mama mkwe alijibu kutoka nyuma ya nyumba. “Mungu akubariki. Mwezi wa tatu huu naitafuta oili chafu ya kupaka nguzo.”

Nilizunguka nyumba nikamkuta amejifunga kanga kiunoni, kitambaa mkononi, akipaka nguzo ya tano. Beseni lilikuwa limebaki na unyevu tu. Na mimi nilikuwa sijapima.

Gari letu ni Toyota Hilux Surf ya 1997, ya dizeli, injini 1KZ-TE ya lita 3 yenye tabo, gia oto. Lilikuja kwa meli kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama magari mengi ya nchi hii, na sisi tumekaa nalo miaka tisa hapa Korogwe. Limebeba magunia ya mahindi na machungwa, limebeba watoto wa jirani usiku wa homa, na kila mwezi humpeleka mama mkwe kliniki. Yeye kwao ni Soni. Kumpeleka kwao ni kufika Mombo, kuiacha barabara kuu, kisha kuupanda mlima wa Usambara kona baada ya kona. Gari lisiloshika gia vizuri halina kazi na barabara ile.

Na letu lilikuwa limeanza kuchelewa kushika. Asubuhi ukitoka R kwenda D, unahesabu moja, mbili, ndipo linashtuka na kuondoka. Mlimani lilikuwa likipanda gia na kuishusha, likipanda na kuishusha, kama mtu asiyejua aketi wapi. Nilichomoa dipstiki ya giaboksi. Oili ya gia oto ikiwa mpya ni nyekundu kama juisi ya rozela. Hii ilikuwa ya kahawia, nayo ilinuka kama sufuria iliyounguzwa.

Katika giaboksi ya oto, oili hufanya zaidi ya kulainisha. Ndani ya toki konveta, oili ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Ikisukumwa na pampu, ndiyo inayozibana sahani za klachi zishike. Ndiyo pia inayobeba joto hadi kwenye rejeta likapoe. Oili ikichoka, kazi zote hizo huchoka pamoja.

Mafundi wawili niliowauliza walinionya. “Mama, giaboksi ya zamani usiiguse. Ukiweka oili mpya itakufa.” Sikulidharau onyo lao, maana lina chembe ya ukweli. Giaboksi iliyokwisha kulika, ukiisukumia oili mpya kwa mashine ya presha, uchafu uliolala huamka na kuziba vijia vyembamba. Tena sahani zilizolika sana hazitaponywa na oili yoyote. Lakini kuiacha oili iliyoungua iendelee kuunguza si kuitunza. Kwa hiyo tulikubaliana, mimi na Baba Watoto, tufanye polepole. Ukimwaga oili ya giaboksi, haitoki yote, nyingi hubaki ndani ya konveta. Tuseme kila mara unabadilisha theluthi. Ukirudia mara tatu, huku ukiliendesha gari siku kadhaa katikati, utakuwa umeweka mpya kwa karibu asilimia 70, bila kuishtua giaboksi.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori, naye alinifundisha kanuni moja ya kazi hii: kilichotoka ndicho kinachorudi. Ukipima ulichomwaga, unajua cha kuanzia. Ndiyo maana niliandaa chupa nne za maji, za lita moja moja.

Jumamosi ile kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba Watoto aliliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi nne. Mwanangu wa kwanza alipanga nati za sampu kwenye sinia kwa mfuatano wake, na mdogo wake alishika tochi. Sampu iliposhuka nilitazama kwanza sumaku zilizomo ndani. Zilikuwa na tope laini la kijivu, kama majivu ya mkaa yaliyolowa. Nilizipangusa kwa kidole kutafuta vipande vya chuma, sikupata hata kimoja. Moyo wangu ulitua. Tope laini ni ulikaji wa kawaida wa miaka. Vipande ndivyo vya kuogopwa. Tukafunga chujio jipya na gasketi mpya, tukazikaza nati kidogo kidogo kwa kupishanisha, maana nati hizo ni ndogo na hukatika upesi. Kisha nikaenda kunawa.

Mama mkwe hakufanya kosa. Mchwa walikuwa wamezila nguzo mbili za banda lake, ukuta ukalegea, na kicheche akapita usiku wa manane akaua kuku sita. Wale kuku ndio waliokuwa nauli yake na sadaka yake. Alituomba oili chafu tangu mwezi wa kwanza, nasi tulikuwa tukimjibu, “Tutaleta, Mama.” Alipoona beseni limejaa na hakuna mtu karibu, alijua ahadi imetimia. Kosa lilikuwa langu: sikumwambia neno hata moja.

“Ilikuwa kiasi gani, Mama?”

Alionyesha kwa kidole ubavuni mwa beseni. “Hapa. Au hapa chini kidogo.”

Nilimimina lita tatu za oili mpya kupitia bomba la dipstiki, nikachomoa dipstiki, nikaona oili imefika alama ya HOT. Nilifunga boneti nikishukuru. Injini ilikuwa imezimwa.

Jumapili tulikuwa na shughuli Soni, kwenda kumwona mtoto mchanga. Baba mdogo wa mume wangu, aliyeendesha magari katika mlima ule miaka mingi kabla ya kustaafu, alikaa mbele. Nyuma tulijaa sisi, watoto, mchele na kitenge cha mzazi. Njia ya tambarare ilikuwa ya raha. Tulipofika Mombo tulisimama kununua ndizi, na tulipotaka kuondoka, injini ilinguruma na gari halikusogea. Baba Watoto alikanyaga tena. Likajivuta, likateleza, likashika kwa kishindo.

“Zima safari,” baba mdogo alisema. “Mlimani hatuendi hivi. Nani alipima oili?”

“Mimi, Baba.”

“Injini ikiwaka au imezimwa?”

Nilinyamaza, akaelewa. Hakunigombeza. Alishuka, akachagua mahali palipo sawa, akamwambia Baba Watoto aache injini ikiwaka, mguu kwenye breki, apitishe gia zote taratibu: P, R, N, D, 2, L, kisha arudi P. Akachomoa dipstiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Ilikuwa kavu.

“Injini ikizimwa, pampu inasimama,” alinieleza. “Oili iliyokuwa kwenye konveta na mabomba hurudi chini kwenye sampu, dipstiki ikakwambia imejaa. Ukiwasha, inapanda kazini tena, na sampu inabaki na njaa. Giaboksi hii hupimwa ikiwa kazini, mwanangu, tena ikiwa na joto.”

Nilikuwa nimepakia chupa tatu za oili mpya zilizobaki. Mwanangu alikata shingo ya chupa ya maji ikawa mrija wa kumiminia. Tuliweka nusu lita, tukapima. Nusu nyingine, tukapima. Kisha robo, na oili ikasimama kati ya mistari miwili ya HOT. Baba mdogo alikataza tone jingine, maana ikizidi hupigwa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Tukaingia barabara ya mlima. Kwenye miinuko alibonyeza kitufe cha O/D ili gia ya nne isiingie, gari likapanda bila kuhangaika. Mama mkwe, aliyekuwa amenyamaza tangu Mombo, alipoona nyumba za kwanza za Soni alinishika mkono.

“Kumbe ile ilikuwa hesabu yako,” alisema.

“Ilikuwa hesabu yangu, Mama. Na nguzo zilikuwa haki yako.”

Wiki mbili baadaye tulimwaga mara ya pili, kwa nati ya chini tu. Oili chafu hatuimwagi wala kuipaka tena uani, kwa sababu kuku hudonoa palepale na kisima hakiko mbali. Inakaa kwenye dumu lenye kifuniko. Banda la mama mkwe, Baba Watoto amelijengea nguzo za zege. Siku hiyo ya kumwaga mara ya pili, mama mkwe alileta kigoda chake, akakiweka kando ya beseni, akakaa mpaka tone la mwisho. Hakumruhusu mtu kupita. Kisha akashika mrija, mimi nikainua beseni, tukajaza chupa pamoja huku akihesabu kwa sauti ili mjukuu wake aandike kwenye daftari.

“Moja. Mbili. Na nusu. Andika nusu, usiisahau nusu.”