Shangazi na Programu za Bure

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja: bure.

"Shangazi," nilimwambia, "nataka nikuwekee programu za bure."

Alikuwa nyuma ya kaunta ya steshenari yake, Mbagala, akikata picha za pasipoti. Mkasi ukasimama. Kwetu neno hilo lina makengeza: jicho moja linatazama zawadi, jingine linatazama takataka. Kazi bure. Maneno ya bure. Mtu bure kabisa.

"Mwanangu," akasema, "wateja wangu wanalipa hela. Mimi niwawekee vitu bure?"

Wenye Kiingereza wana udhuru, maana neno lao moja, free, hubeba bei na uhuru kwa pamoja, na wanaharakati wao wana miaka mingi wanalifafanua. Mimi nina "bure", nina "huru", nina hata "huria", na bado nilichomoa lisilofaa.

Nia yangu, lakini, ilikuwa njema. Kompyuta ya duka ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine ya shangazi ni mtumba wa siku nyingi. Nilipomtajia chipu aliniuliza, kavu au mayai? Juu ya hayo, kila flashi ya mteja ilikuwa ikiacha virusi, kama mgeni anayesahau kandambili makusudi ili apate sababu ya kurudi.

Basi nikahubiri. Nikaanza na Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 ili watu wapate programu wanazoweza kuzichungulia ndani, kuzirekebisha na kuzigawa. Nikaja kwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeitoa Linux mwaka 1991. Nikafika kwenye uhuru wa aina nne wa mtumiaji wa programu hizo, ambao wenyewe huuhesabu kuanzia sifuri.

"Wanaanzia sifuri?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Hao kwenye kamati ya harusi tusiwape uhazini."

Alikubali, nadhani kwa kunionea huruma. Nikamwekea Linux Mint badala ya Windows. Printa, niliyoiogopa kuliko vyote, ikaprinti mara ya kwanza. Ningeondoka hapo ningekuwa shujaa, ila uzalendo ukanishika. Nilikumbuka kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. LibreOffice ya leo ni ya ukoo uleule, nayo inakubali Kiswahili. Nikaibadilisha lugha, nikaondoka kifua mbele.

Sijafika kwangu, simu ikaita.

"Nina mteja wa barua ya kazi hapa. Nataka kusevu, sioni."

"Bonyeza Hifadhi, Shangazi."

"Hifadhi ya Mikumi au ya Serengeti?"

Huyu ni mwanamke anayemsahihisha Kiswahili mshereheshaji katikati ya sherehe. Lakini kompyuta aliijulia kwa Kiingereza, na vidole vyake havijui lugha nyingine. Nilipanda daladala mbili kurudi kumrejeshea Kiingereza chake.

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binti yake, na katika kamati niliona shamba jipya la kupanda injili yangu. Nikawahamisha wanakamati kutoka WhatsApp kwenda Signal, ambayo ipo chini ya shirika lisilo la faida na haina matangazo. Kazi hiyo ilinila wiki mbili. Mjumbe mmoja aliamini kabisa namtaka asajili laini upya. Mwingine alikubali kwa sharti kwamba bando nitoe mimi. Walipokamilika wote, nikawasha ule mpangilio wa ujumbe unaojifuta, nikauwekea wiki moja. Sikumwambia mtu. Faragha, nilijiambia, ni kama chumvi: mlaji si lazima aione.

Siku hiyohiyo mhazini akaandika orodha ya ahadi. Nani laki tatu, nani mbuzi, nani magunia ya mchele. Aliiandika humo tu, maana daftari, alisema, ni mambo ya kizamani.

Wiki ilipotimia, orodha ikayeyuka.

Kikao cha dharura kikaitishwa ili kila mtu aikumbuke ahadi yake kwa hiari. Baba mdogo wa laki tatu akakumbuka elfu thelathini. Mwenye mbuzi akasema aliahidi kuja kumla. Mzee mmoja, ambaye hajawahi kunipa hata salamu ya haraka, alinishika mkono akasema teknolojia hii ni nzuri sana, tusiiache. Sijawahi kuona ukoo ukiipenda faragha kwa kiasi kile. Jioni tulirudi WhatsApp, mhazini akanunua daftari, nami nikateremshwa kutoka ukatibu hadi kusimamia viti.

Nilikaa siku kadhaa nikimkwepa shangazi. Nilipojikaza kwenda kumwomba radhi, nilikuta foleni dukani. Mbele alikuwepo binti wa chuo, macho mekundu: flashi yake ilikuwa na ripoti ya fildi, na kila alikoichomeka aliona njia za mkato tupu. Kirusi cha aina hiyo huficha mafaili ya kweli na kuacha vivuli vyake. Ukibonyeza kivuli, unakilisha kirusi. Shangazi akaichomeka kwake. Alama ya kufichwa ya Windows haitambuliki kwenye Linux, na kirusi chenyewe kilikaa pale kama samaki juu ya mwembe. Mafaili yote yakajitokeza. Akayanakili, akaisafisha flashi, akairudisha. Ukutani palikuwa na karatasi iliyolaminetiwa vizuri: TUNAFUFUA FLASHI, 2,000.

Hilo sikumfundisha mimi. Aliligundua mwenyewe, siku ambayo mteja alikuwa amesimama mbele yake na hela mkononi.

Pembeni ya skrini filamu ilikuwa ikiendelea ndani ya ile programu yenye koni ya barabarani, VLC. Hiyo nayo ni huria, ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris, na shangazi alikuwa nayo tangu enzi za Windows. Miaka yote hiyo alikuwa muumini, nami nilikuja kumbatiza upya kwa hotuba ya mwaka 1983.

Akaingia kijana na laptopu kuukuu. Anataka awekewe "kama hiyo ya kwako, Mama".

"Elfu kumi," akajibu shangazi.

Nikamvuta pembeni. "Shangazi, hiyo Linux ni ya bure!"

"Si ulisema kuna uhuru wa kuigawa?"

"Nilisema."

"Na wamekataza kuchukua hela?"

Ikanibidi niseme kweli: leseni ya GNU haikatazi kutoza.

"Basi sogea nifanye kazi. Programu ndiyo ya bure, mwanangu. Mimi si mtu bure."