Shajara ya Wiki ya Darubini, Malindi

Jumamosi, 18 Desemba 2021
Leo darubini ya James Webb ilikuwa irushwe kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Haikurushwa. Tarehe ilisogezwa kwanza hadi 22, kisha mawasiliano kati yake na roketi yakasumbua, ikasogezwa hadi 24. Roketi ya Ariane 5 ikishavuka Atlantiki na bara letu, antena za hapa Malindi ni miongoni mwa zinazoifuatilia. Kwa hiyo wakisogeza siku kule, zamu zetu huku zinapangwa upya. Likizo yangu imefutwa.

Jumatatu, 20 Desemba
Foleni ya benki ilifika barabarani. Nilipobakiza mtu mmoja mbele yangu, mtandao ukapotea. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza kuhusu darubini: ina kioo chenye upana wa mita 6.5, kimeundwa kwa vipande 18 vya madini ya berili, vimepakwa dhahabu kwa sababu dhahabu inaakisi vizuri mwanga wa infraredi. Dhahabu yenyewe ni kama gramu 48 tu.
"Na hiyo dhahabu itarudi, mwanangu?"
"Hairudi, bibi."
Akatikisa kichwa. Mtandao ulirudi baada ya saa ya chakula.

Jumanne, 21 Desemba
Taarifa mpya: hali ya hewa ya Kourou si nzuri, sasa ni Krismasi yenyewe. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba tutakula sikukuu kwa bibi yao, Kaloleni. Nikampigia mama simu. Akauliza kama mbuzi asubiri. Nikamwambia wachinje.

Inauma, lakini walioahirisha wamefanya haki. Darubini ya Hubble ilipogundulika kuwa inaona ukungu, wanaanga waliifuata wakaitengeneza, kwani iko kilomita mia tano na kitu tu juu yetu. Webb inakwenda umbali wa kilomita milioni 1.5. Ikiharibika huko hakuna fundi wa kuifuata. Watu wameishughulikia zaidi ya miaka 20. Siku moja ya hali mbaya ya hewa si kitu.

Ijumaa, 24 Desemba
Nauli imepanda maradufu. Matatu ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa, ya tatu ikapata pancha tukiwa bado stendi. Mama watoto amesafiri na watoto, kuku wawili na chaja ya simu yangu. Nyumbani umeme hakuna.

Jumamosi, 25 Desemba
Saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa saa zetu, Ariane iliondoka. Chumba kizima kilikaa kimya. Dakika 27 baadaye darubini ikaachana na roketi, na kamera ikaionyesha ikielea peke yake. Kisha paneli yake ya sola ikafunguka, ikang'aa juani. Mwenzangu mmoja alilia, nami sikumzuia. Mimi nimeona kazi nyingi, lakini hii ndiyo nitakayowasimulia wanangu.

Chakula cha sikukuu kilikuwa chai na mkate.

Bado ngao ya jua haijafunguliwa. Ina tabaka tano, kila moja nyembamba kuliko unywele, na ikitandazwa inakaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi. Ikikwama hata pembe moja, vioo vitapata joto na kazi yote itapotea. Waliojenga hawatalala vizuri wiki hizi. Waombeeni.