Muulize Somo: Dunia Nzima, Tumbo Moja

Tangu nirudi kutoka kwa mwanangu Florida, barua zimenimiminikia kama mvua ya masika. Kumbe nusu ya wasomaji wangu wana ndugu Marekani, na ndugu hao wote wanapanga kwenda EPCOT, ile bustani ya Disney karibu na Orlando ambako nchi 11 zimepangwa kuzunguka ziwa kama mabanda ya Sabasaba, kila nchi na majengo yake, duka lake na jiko lake. Swali ni lile lile: tule wapi? Nimezoea kuulizwa habari za mawifi na mahari. Lakini nimeziona ndoa mbili zikiyumba mbele ya banda la Italia kwa sababu ya njaa, basi najibu.

*

*Shikamoo Somo. Tunaishi Columbus, Ohio. Tutakwenda EPCOT siku moja tu, watu sita. Mume wangu anataka Ujerumani, ameambiwa unakula mpaka uchoke. Binti yetu wa miaka mitano anataka Norway kwa sababu kuna mabinti wafalme. Wavulana wawili wanataka pitsa. Mavyaa wangu hataki nchi yoyote, anasema chakula kisicho wali ni kitafunio. Mimi nataka amani.*
*Mke Mmoja, Wakuu Watano*

Marahaba, mwanangu. Anza na mavyaa. Huyo akishiba, wengine watajishibia. Mpeleke Japani, kwenye mkahawa wa Teppan Edo. Meza yenyewe ni bamba la chuma la moto, na mpishi husimama mbele yenu akikata, akigeuza, akipanga pete za kitunguu mpaka ziwe mlima unaofuka moshi. Wali upo, lakini si wali utakaomfurahisha. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwenu atapata mtu mwingine wa kumsimamia jikoni. Wewe kaa pembeni, umwache amuulize kijana wa watu kwa nini kitunguu hakukiosha mara ya pili.

Mumeo na Ujerumani yake nawafahamu. Mkahawa unaitwa Biergarten. Nje jua la saa nane linapasua kichwa, ndani ni jioni ya sikukuu siku zote: bendi inapiga matarumbeta, chakula unajipakulia, na mnakalishwa meza ndefu pamoja na watu msiowajua. Wamarekani huliona hilo ni jambo la ajabu. Kwetu ni harusi ya kawaida. Kasoro ni mbili. Soseji nyingi ni za nguruwe, kama hilo linawahusu. Ya pili, mwanamume akishapakua mara tatu hatembei, na kuzunguka ziwa lile ni karibu kilomita mbili. Nani atambeba? Mwambie Ujerumani atakwenda safari nyingine, pamoja na rafiki zake.

Wavulana nao kazi rahisi. Via Napoli, banda la Italia, kuna tanuri tatu za kuni zenye majina ya volkeno: Etna, Vesuvio na Stromboli. Watataka kujua pitsa yao imetoka mlima upi. Hiyo ni nusu saa ya utulivu.

Kesi ngumu ni ya binti. Mabinti wafalme wapo kweli, katika ukumbi wa Akershus, wanapita meza kwa meza kupiga picha na watoto. Usijidanganye kuwa unalipia chakula. Unalipia gauni la bluu na tabasamu. Pesa ikiwepo, lipa na usimlaumu samaki. Isipokuwepo, nenda hapo hapo Norway kwenye duka la mikate liitwalo Kringla, umnunulie skolebrød, yaani mkate wa shule. Ni andazi la mviringo lenye krimu ya mayai katikati na nazi iliyokaangwa juu. Mimi niliuma, nikanyamaza, nikauma tena. Iliki! Bibi wee, iliki na nazi, katika nchi ya barafu. Ni hamri lililovaa koti la baridi. Nilinunua la pili ili kuhakikisha, na la tatu kwa ajili ya ushahidi.

Sasa mpango. Ingieni kwa upande wa Meksiko, maana nchi zimefuatana hivi: Meksiko, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza, Kanada. Mabanda mengi hufunguliwa saa tano asubuhi. Mkate wa shule saa tano na nusu. Pitsa moja kubwa igawanywe mchana. Chakula kikubwa kiwe kimoja tu, Japani, jioni. Nafasi ya meza huwekwa siku 60 kabla, kwa hiyo leo unaposoma haya shika simu. Mtu anayefika mlangoni mwa Teppan Edo saa moja ya usiku na watoto wawili wanaolia, akisema "tutabanana tu," hajui Marekani.

*

*Somo, nina mchumba, tunakaa Minneapolis. Nimemwahidi chakula cha jioni katika banda la Ufaransa. Baada ya kulipa tiketi za ndege na za kuingilia nimebaki na pesa ya kunywa maji. Nifanyeje asigundue?*
*Mapenzi Matupu*

Atagundua. Swali ni agundue lini, kabla ya ndoa au baada yake. Mimi nashauri kabla.

Ufaransa ya pale ina ghorofa, kama meli ya matajiri na mabaharia. Juu ni Monsieur Paul, jina la Paul Bocuse, mpishi aliyeheshimika Ufaransa kama sheikh. Huko usipande. Chini ni Chefs de France, mkahawa ulioanzishwa na Bocuse huyo na wenzake wawili, Gaston Lenôtre na Roger Vergé. Huko pia tazama dirishani tu. Pita mpaka nyuma ya banda, utakuta duka la mikate la Les Halles. Nunua mkate mrefu wenye jibini na kitindamlo kimoja cha matunda, vijiko viwili. Tokeni mkakae ukingoni mwa ziwa usiku wanaporusha fataki. Fataki zimo ndani ya tiketi uliyokwisha kulipa.

Akisisitiza meza yenye kitambaa, mpeleke Meksiko, San Angel Inn. Umo ndani ya piramidi, na humo ni magharibi ya daima hata saa sita ya mchana. Taa ndogo mezani, mto unapita kando, mashua zinateleza na watu ndani yake. Pazuri mno kwa wachumba. Na kuna giza la kutosha kuficha uso wako hesabu inapoletwa.

*

*Somo, mume wangu yuko Florida kikazi. Jana usiku kanipigia simu kwa furaha akaniambia, "Nimepata jiko!" Nilikata simu. Sijala tangu jana.*
*Mwenye Jiko la Kwanza*

Kula, mwanangu. Jiko ni mkahawa. Uko ndani ya hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge, umeandikwa hivyo hivyo mlangoni, na tanuri zake zinawaka mbele ya wageni. Waliouita hivyo waliitazama kamusi. Hawakuwauliza wazee, wangeambiwa kwamba kwetu mwanamume akipata jiko, watu huuliza harusi lini. Mpigie, umwombe radhi. Kisha umuulize alikwenda na nani, maana mkahawa ule haujajengwa kwa mtu wa kula peke yake.

*

*Assalaam alaykum Somo. Niko Maskati, tunakwenda na watoto. Nimeona lipo banda la Moroko. Je, tule hapo bila wasiwasi?*
*Baba Tahadhari*

Wa alaykum salaam. Bendera si cheti cha halali, bwana.

Kwa kutazama, Moroko ndilo banda ninalolipenda kuliko yote. Lilifunguliwa 1984, na mafundi waliletwa kutoka Moroko kwenyewe kupanga vigae vyake kwa mkono. Simama karibu na ukuta utaona. Mnara wake umeigwa ule wa Koutoubia wa Marrakesh. Lakini Restaurant Marrakesh, mkahawa mkubwa uliokuwa ndani kabisa, ulifungwa 2020, na Spice Road Table iliyo ukingoni mwa ziwa ina orodha ya mvinyo kama jirani zake. Kwa hiyo piga picha Moroko, na tumbo ulishughulikie kwa kuuliza. Unapoweka nafasi, popote pale, andika usichokula. Ukifika, omba mpishi mwenyewe aje mezani. Pale si aibu wala usumbufu, wanafanya hivyo kila siku kwa watoto wenye mzio wa karanga. Na watoto wakikokota mkono kuelekea vitamu vya mistari ya punda milia katika mkahawa wa Boma, ndani ya ile hoteli ya Animal Kingdom Lodge, jua kwamba vimetiwa Amarula, pombe ya tunda la mng'ong'o. Mwanangu aliniambia nikiwa nimeshakula kimoja. Allah ni mwingi wa kusamehe.

*

*Mpenzi Somo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mwanangu alinitembeza Disney. Katika EPCOT nilizunguka nchi zote nikitafuta Afrika Mashariki, nikaikosa. Siku ya pili akanipeleka bustani nyingine, nikakuta mji mzima wenye majina yetu, umeandikwa "Harambe". Herufi moja imepotea! Nilitoa kalamu nyekundu, mlinzi akanitazama. Nikasirike au nile? Na kama nile, wapi?*
*Mwalimu wa Zamani, Mombasa*

Mwalimu wangu, shikamoo. Kaa kitako, haya yana historia.

EPCOT ilipofunguliwa Oktoba 1982, banda la Afrika ya ikweta lilikuwa limetangazwa. Alex Haley, yule aliyeandika *Roots*, alitokea katika kipindi cha televisheni cha ufunguzi kulinadi. Halikujengwa. Kilichobaki ni kibanda kidogo kati ya Ujerumani na China, chenye ngoma, vinyago na soda. Bara zima likageuzwa mahali pa kupumzika kabla ya soseji. Nilinunua maji hapo, nikayanywa kwa hasira, lakini nakiri yalikuwa baridi.

Ndipo 1998 wakafungua bustani ya Animal Kingdom, na ndani yake huo mji wa Harambe. Aliyeongoza usanifu, Joe Rohde, na wenzake walisafiri Afrika Mashariki, wakaitazama Lamu kwa makini. Hilo haliwezi kukanushwa. Kuta zimepasuliwa kwa makusudi, rangi imebabuliwa kwa makusudi, na plasta imemomonyoka kama ile ya nyumba ya marehemu shangazi yangu, ambaye kwa miaka 30 alikuwa akitafuta pesa ya kuiziba. Wao wamelipa pesa ili isizibwe. Hapo nilicheka mpaka mwanangu akaniuliza kama jua limenipiga.

Herufi iliyopotea, mwalimu, iache. Ukianza kusahihisha hutakula. Pale kuna baa inaitwa Dawa. Mtu wa Nairobi ataelewa mara moja, maana dawa ni kinywaji cha vodka, ndimu na asali. Mtu wa pwani mwenye mafua atasubiri tangawizi mpaka jioni. Kuna Tamu Tamu, wanauza aiskrimu, na jina halina kosa. Kuna Tusker House, ambako Mkenya huingia akiwa na kiu na kukuta Donald Duck amevaa nguo za safari anagawa salamu. Chakula ni cha kujipakulia na watoto wanafurahi. Mtu mzima atosheke na kahawa.

Kama unataka kula kwa heshima, toka bustanini uende ile hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Haihitaji tiketi ya bustani, jambo ambalo wengi hawalijui. Boma ni karamu ya kujipakulia yenye mwelekeo wa kusini mwa bara: bobotie ya Afrika Kusini, na pap, ambaye ni binamu wa ugali aliyehama zamani. Ni pazuri, ingawa kukaribishwa kwenda kula ndani ya boma kulinifanya nitafute ng'ombe. Wahudumu wengi wametoka nchi za Afrika, na nchi ya kila mmoja imeandikwa kifuani chini ya jina. Nilipoisoma moja nikasema "hujambo" kwa sauti ya kwetu, na msichana yule aliangusha vijiko. Alikuwa wa Arusha. Akanipakulia nyama mwenyewe.

Lakini umeniuliza wapi, na mimi sina mikahawa miwili niipendayo. Ninao mmoja. Upo upande wa pili wa hoteli hiyo, Kidani Village, unaitwa Sanaa. Hawajasema ni chakula cha Waswahili, wanasema ni cha Kiafrika chenye viungo vya Kihindi, na bila kujua wametueleza sisi kuliko Harambe yote. Utaletewa mikate ya aina kwa aina, naan na paratha zikiwa moto, pamoja na vibakuli tisa: chatine ya embe, ya ukwaju, ya kotmiri, achari ya kitunguu saumu, raita ya matango, na vinginevyo vyenye pilipili. Unamega, unachovya, unarudia. Mwalimu, wewe na mimi tumekula hivyo tangu utoto, kwa Bohora, kwa Mbulushi, kwa mama zetu. Dirishani twiga anapita akitafuna naye.

Weka nafasi kwa chakula cha mchana, mwanga ukiwa mzuri. Omba meza ya dirishani. Agiza mikate yote na vibakuli vyote tisa, na ile kalamu nyekundu iache nyumbani.