Dogo, Kacheze Kikapu

Tandale ukianza kuinama mlangoni, ushauri ni bure: "We dogo, kacheze kikapu uende Marekani kama Hasheem!" Goli la kikapu atalipata wapi? Mshauri keshasogeza kete yake ya drafti, hana muda.

Hasheem Thabeet, mrefu wetu, alichaguliwa wa pili timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipoteua wachezaji wapya mwaka 2009. Memphis Grizzlies, waliomchukua, wakawaacha James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Februari 2010 wakampeleka Hasheem ligi ya chini akanolewe. Vijiweni tukasema anaonewa. Kunolewa sisi tunajua ni kwa visu tu.

Kule mchezaji lazima atimize miaka 19 mwaka wa uteuzi. Kanuni hiyo huku ingefuatwa kwa moyo mmoja: beki wetu wa ndondo ametimiza 19 kila mwaka tangu watoto wake waanze shule.

Tena timu dhaifu ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Hapo vigogo wetu wa soka wangegoma. Huku timu ikishika mkia, anayechaguliwa mapema ni kocha mpya, na wa zamani anadai mshahara wa miezi mitatu.