Anayenunua Mlima

Kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, milima ya Mitumba inasimama nyuma ya Uvira kama ukuta, na mashamba ya mihogo yamebandikwa humo bila kuomba ruhusa ya mvutano wa dunia. Komisionere, yaani dalali wa mashamba, akikuonyesha moja atasema ni hekta. Hekta, bahati mbaya, hupimwa kana kwamba mlima umelazwa chali. Kamba ya mita 100 ikivutwa kwenye mteremko wa digrii 45, ramani inaitambua kama 71 tu. Hizo 29 mnunuzi amezilipia dola, na atazidai kwa magoti yake kila msimu wa kupalilia.

Lakini kamba ni hasara ndogo. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali na hauuzwi. Raia hupewa haki ya kuutumia tu, ingawa haki hiyo yaweza kuwa ya kudumu. Ardhi za vijiji ziliachiwa kifungu cha 389, kilichoahidi amri ya rais, na marais wakapishana miongo kwa miongo bila amri hiyo kuonekana. Basi juu kule mtu anauza kisicho chake, mwenzake ananunua kisichouzwa, shefu anapiga muhuri, na wote wanashukuru Mungu. Kinachopatikana hasa ni majirani watakaosema, “Tuliona.” Ndiyo maana pombe ya ndizi wanayonyweshwa siku ya kuonyeshana mipaka haifai kuandikwa chini ya matumizi mengineyo. Hiyo ndiyo bei. Dola zilikuwa nauli.

Wanasheria wa mjini watacheka: chukua sertifika ya usajili wa ardhi, miaka miwili ikipita hakuna wa kuitikisa. Ni kweli, na asiyeitafuta anajitakia, kwa sababu mashahidi hufa, na wajukuu wao hunywa pombe ya mtu mwingine. Ila sertifika inalala kabatini mjini, wakati miti ya miyenzi ya mpaka inahamishwa hatua tatu usiku. Bibi wa shamba la pili halali, na anajua nani alipanda kila mche. Ukipata karatasi kabla ya kumsalimia bibi huyo, umeshinda mahakamani na utakosa hata wa kukuazima jembe.

Wengine husema afadhali kununua chini, penye tambarare. Tambarare ya nani? Aprili 2020 mto Mulongwe uliteremka na mawe ya mlimani ukapita katikati ya mji, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kisha Ziwa Tanganyika nalo likapanda, na mwaka 2024 likaingia mitaani bila hodi. Kuna viwanja huko vyenye sertifika safi kabisa, ila wa kumwonyesha mwenyewe mipaka yake sasa ni mvuvi.